Neno Moja Lilivyotuletea Mama Mkwe

Mwenzangu unayelea, kama nyumbani kwako kuna binti wa kidato cha pili anayependa vitabu, utanielewa. Wangu tunamwita Profesa. Mwezi uliopita alinunua kamusi nene ya Kiingereza kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kurasa zimeshageuka rangi ya chai, na tangu siku hiyo hatujapumua.

Alianza na kaka yake. Akamwita slugabed, yaani mtu anayeng'ang'ania kitanda jua limeshapanda. Shakespeare alilitia neno hilo kinywani mwa yaya anayemwamsha Juliet. Kijana wetu, ambaye Jumapili haamki mpaka asikie harufu ya chapati, akalipenda, na sasa haitiki ukimwita jina lake.

Ikafuata zamu ya shemeji yangu Kijiko, ambaye hajawahi kukosea saa yetu ya chakula. Yeye akapewa groak, neno la Kiskoti la kukodolea macho wanaokula ukitumaini kukaribishwa. Mke wangu akasema hilo sisi tunaliita kudoea, kisha akamwongezea kaka yake wali. Mjomba ni mjomba.

Sasa sikiliza ya Jumanne. Mama mkwe alipiga simu, Profesa akapokea. Huyu mama tunamwita Mkaguzi, kwa sababu salamu yake ya pili ni kufunua sufuria. Profesa akabandika karatasi kwenye friji: "Bibi anakuja overmorrow."

"Baba Profesa, hili neno ndiyo nini?" mke wangu akaniuliza usiku.

"Morrow ni kesho, over ni kupita," nikamjibu. "Atakuja kesho ikishapita. Wiki ijayo hiyo."

Alhamisi saa nne asubuhi, hodi! Mtungi wa gesi umeisha tangu jana yake. Kitanda cha wageni kimefunguliwa vipande vipande, fundi anakipaka vanishi uani. Mlango wa choo umeng'olewa bawaba, umeegemezwa ukutani. Nikasema "Shikamoo mama" huku nimeshika nyundo. Mkaguzi akapita moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akakuta maji ya jana.

Overmorrow, mwenzangu, ni keshokutwa. Waingereza walikuwa nalo. Limo katika Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535. Ndugu zao Wajerumani wanalo mpaka leo, übermorgen. Waingereza wakaliacha life, na sasa kuitaja siku hiyo moja wanapanga maneno manne.

Usiku huo mama mkwe alilala chumbani kwetu na mke wangu, mimi nikalala sebuleni juu ya mkeka. Alfajiri nilikuwa macho, nawaza gesi, fundi na nauli ya kumrudisha mgeni. Profesa akanikuta, akaniambia hiyo inaitwa uhtceare: wasiwasi unaomshika mtu kabla hakujapambazuka. Limo katika shairi la Kiingereza cha kale la mke anayemlilia mumewe, lililohifadhiwa katika kitabu cha Exeter kilichoandikwa kwa mkono, kwa zaidi ya miaka 1,000. Nilifarijika kujua kwamba watu wa zamani hizo nao walikosa usingizi, wakautafutia jina.

Wakati wa chai Mkaguzi akatoa hukumu. "Mjukuu wangu, nilikwambia keshokutwa. Neno zima, halina kasoro, ukalibadilisha. Je, ningesema nakuja mtondo?"

Kimya. Profesa akamtazama kaka yake, kaka mtu akanitazama mimi, nami nikaitazama chai. Bibi akahesabu kwa vidole: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Mtondo ni siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo inafuata mtondo. Mtoto aliyefukua neno la mwaka 1535 hakuwa amewahi kuyasikia ya bibi yake, na kosa hilo ni letu wazazi. Sisi ndio tuliacha kuyasema.

Kamusi sitaichukua. Binti anayepekua maneno ni baraka, hata akinilaza mkekani. Lakini siku hizi kwenye friji kuna karatasi nyingine, yenye siku nne kwa mwandiko wa Mkaguzi. Nawe nakuomba: leo watoto wakirudi shule, waulize mtondo ni lini. Wasipojua, waambie, kisha lisemeni kila wiki, maana neno lisilosemwa nyumbani huishia kwenye kamusi iliyochakaa.