Bia Ilipata Lori

Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame alichapisha, kwa Kifaransa, falsafa aliyoichimbua katika sarufi ya Kinyarwanda. Mwaka uliofuata kikaanzishwa kiwanda cha bia cha Bralirwa hapa Gisenyi. Bia ilipata lori, ikapanda milima yote. Kagame bado anasubiri usafiri.

Sasa tunaambiwa ufundishaji wa falsafa vyuoni uimarishwe. Hewaa! Basi semina ifanyike hotelini, kando ya Ziwa Kivu (fikra nzito zataka upepo), na aalikwe mgeni kutoka Ulaya atuhakikishie, kama Padri Tempels mwaka 1945, kwamba Wabantu nao wana falsafa. Tutampigia makofi. Kitabu cha Kagame? Kimo kabatini, salama kabisa. Mwenye ufunguo yuko likizo.