Windows Mpya, Kompyuta ya Kale

Mafundi wetu wa Kibiti wana dawa moja kwa kila kompyuta: Windows 11. Wapelekee mashine ya mwaka 2010 yenye RAM ya GB 2. Watachomeka flashi, watakwepa ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama), kisha wakurudishie kitu kinachong'aa ila kinawaka kwa kufuata maji ya bandari ya Nyamisati, yapwe kwanza yajae. Microsoft wenyewe wanataka walau GB 4 na TPM 2.0. Kweli, Windows 10 waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Lakini Lubuntu, mfumo wa Linux, ipo, nyepesi, tena bure. Kosa lake ni kwamba haikupi la kuringia barazani. Mpendwa mteja, uliza RAM kabla hujauliza toleo.