Bamvua la Naivasha

Dobi wa Section 58 ameirudisha kanzu. Aliinusa kifuani, akaniuliza kwa upole kama ni mtoto aliyetapika. Nikamjibu ndiyo, ni mtoto. Mtoto mwenyewe ni mimi, na kanzu ni ya baba mkwe, mzee wa Likoni aliyekuja kutujulia hali Nakuru.

Jumapili tulimpeleka Naivasha kuona ziwa. Tulipopita Gilgil akauliza, "Mwanangu, hapo maji yajaa saa ngapi?" Mkwe haambiwi sijui. Nikatoa simu, nikafungua programu ya hali ya hewa, nikaandika Naivasha, na kumbe kuna ukurasa mzima: upepo hafifu, mawimbi madogo, maji kujaa saa kumi na dakika tano alasiri. Nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mzee akahesabu vidole, akautaja mwezi ulioandama juzi, akasema, "Sawasawa kabisa. Ni bamvua hilo." Mke wangu alinitazama, ila hakusema neno.

Tulifika ufuo wa Karagita saa nne asubuhi, ziwa limetulia tuli, Longonot imejilaza majini kichwa chini. Kijana wa boti akatusihi: "Mzee wangu, twende saa hii. Ikifika saa nane hapa hakuna mchezo." Baba mkwe akacheka. Mtu hatoki na chombo maji yakipwa, akakwama mchangani mbele ya wakwe. Tukala samaki. Tukala tena. Tukangoja maji yajae.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtaalamu, na mtanisamehe nikirefusha. Ili mwezi uyapandishe maji unataka bahari pana. Kilindini, wakati wa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokuwa yamepwa. Ziwa Naivasha, lililoatamia bondeni karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, mwezi hulivuta vilevile, ila huwezi kuona tofauti hata ukishinda ufuoni na rula. Bwana mkubwa wa Naivasha ni jua. Asubuhi hewa imelala. Jua likipanda, nchi kavu na miteremko ya Mau na Nyandarua hupata moto haraka kuliko maji, hewa ya huko hupaa, na nyingine hukimbilia kujaza nafasi yake. Kuta za bonde huielekeza na kuikaza. Saa nane ndiyo hiyo imefika. Na kwa kuwa ziwa lenyewe ni la kina kifupi, wimbi halina nafasi ya kujinyoosha kama lile la baharini linalokuinua taratibu na kukushusha kwa adabu. La Naivasha ni fupi, lina kishindo, na kabla hujalimaliza mwenzake ameshafika. Ndiyo maana wavuvi hutoka alfajiri. Programu haiyajui haya. Hesabu zake huchukua eneo la kilomita kadhaa kila upande na kuligawia upepo mmoja wa wastani, ziwa, mlima na shamba la maua vyote pamoja. Mnywaji mmoja na walokole watatu, kwa wastani, wote wamelewa kidogo.

Basi saa tisa na nusu tukapanda. Tulikuwa tunaelekea Crescent Island, ambayo ni ukingo wa kreta iliyozama. Ziwa likishuka huwa rasi, likipanda huwa kisiwa tena, na upande huo ndiko kuliko na kina kirefu zaidi. Nilikuwa namweleza mzee jambo hilo, magoti yetu yakigusana, wimbi la kwanza liliponikata kauli. La pili likaondoka na kofia. Baba mkwe alikaa wima, kiganja kimoja ubavuni mwa boti, akitafuta kwa macho dalili za bamvua. Samaki wangu wakaanza safari ya kurudi ziwani. "Geukia majini!" mke wangu akapiga kelele. Nikageuka. Upepo ulikuwa unatoka hukohuko. Kila nilichokitoa kiliniambaa sikio, kikatua juu ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi Likoni.

"Pole, mwanangu," mzee akasema. "Na hiki ni kidimbwi tu."

Kurudi, hatukuweza kushuka. Upepo ulikuwa umelisukuma gugu maji lote upande wetu, kijani kitupu hadi gatini, na ndani yake kiboko anapumua. Tukakaa pale, mimi na kanzu tukitazamana.

Yaliyofuata ni madogo: wiki hiyohiyo simu iliniahidi jua Molo, mvua ya mawe ikanipiga nikiwa na shati la mikono mifupi.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Ziwa hili limepimwa kina chake kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 2009 lilinywea hadi watu wakaogopa litakauka. Kuanzia 2010 likaanza kupanda, Ziwa Nakuru nalo likameza lango la mbuga. Mtaa wa Kihoto, pale Naivasha, uliingiwa na maji 2020, na 2025 watu wakatolewa nyumbani kwao kwa boti, magodoro kichwani. Kila mara viongozi huja na gambuti mpya kuwaambia kwamba wamejenga ufuoni. Mimi, kwa simu ya bei rahisi, naambiwa kwa dakika maji yatajaa saa ngapi mahali pasipojaa. Mama wa Kihoto hana pa kuuliza kama wiki ijayo maji yatafika kitandani. Hilo hakuna anayemsomea kwa sauti ya redio.

Ile saa kumi na dakika tano ilikuwa ya Kilindini, karibu kilomita 500 kutoka Karagita. Baba mkwe amesharudi Likoni, na hunipigia kila alfajiri kabla ya kwenda kuvua. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Nisomee Naivasha." Nami namsomea Naivasha. Anasema haijakosea hata siku moja.