Majirani Tisa, Fanta Zangu Mwenyewe

Jamani, nchi moja majirani tisa wa nini? Mimi hapa Nyamirambo nina wawili tu. Mmoja ana jogoo asiyejua saa, mwingine ana redio, na usingizi niliuaga zamani. Kongo wana tisa. Tisa! Na hakuna aliyeniambia mapema, kabla sijaweka dau.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, umeisha, tumekaa nje ya butike ya Hajati, majembe tumeyaegemeza ukutani. Mgongo ulikuwa unaniuma, ingawa sehemu kubwa ya asubuhi nilikuwa nimeliegemea jembe nikitoa ushauri. Akatokea dereva wa lori, Mtanzania, mtu wa Kyela. Mzigo wake umekwama kwenye makaratasi, yeye hana la kufanya. Mtu asiye na la kufanya muogope. Akaagiza chai, akajinyoosha, akauliza, "Haya wazee wa Kigali, Kongo imepakana na nchi ngapi?"

Sasa mimi ni komisiyoneri. Mipaka ndiyo kazi yangu. Nikikuonyesha kiwanja nakwambia kinaanzia mparachichi ule, kinaishia kwa mama mwenye mbuzi, na wewe unanilipa. Leo mtu aniulize habari za mipaka mbele ya Hajati, ambaye nadaiwa naye, nikae kimya? Nikasema tano. Nikasema kwa sauti. Dereva akasema sawa, kila nchi utakayoisahau ni fanta moja, na ukitaja isiyokuwepo ni mbili. Nikampa mkono haraka asije akabadili mawazo.

Nikaanza vizuri. Rwanda, hiyo tunalala nayo. Mpaka wetu nao ni kama kilomita 220, sehemu yake imo ndani ya Ziwa Kivu. Burundi. Uganda. Zambia, maana shaba ya Lubumbashi inapitia Kasumbalesa na wanaoibeba ndio hawahawa akina dereva. Dereva akatikisa kichwa kwa heshima. Nikanogewa. Nikasema, "Na Kenya."

Hajati akaacha kupanga sabuni.

Lakini wewe msomaji niamulie. Mzigo wa Kongo unashukia Mombasa. Kongo wenyewe wameingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa furaha zote, mikono ikapeanwa. Mtu akiingia kwenye chama chenu cha kuzikana bado si jirani yako? Dereva akaniuliza, "Somalia nayo imo kwenye jumuiya. Nayo imepakana na Kongo, kaka?" Nikamwambia swali hilo halina adabu. Akasema Uganda nzima imelala katikati ya Kenya na Kongo. Sasa Uganda kulala pale nalo ni kosa langu?

Hapo akajiingiza mtoto wa kaka yangu. Anasoma primari, simu ni yangu, bando ni langu. "Baba mdogo, bado Angola. Na huo ndio mpaka mrefu kuliko yote, unazidi kilomita 2,500." Nikamwambia Angola iko kule upande wa Brazil, wanaongea Kireno. Akanigeuzia simu. Ipo kweli, imekaa chini ya Kongo, kubwa, wala haijajificha. Na siyo hiyo tu. Juu yake kuna kipande kingine cha Angola, kinaitwa Cabinda, kimekatika peke yake, Kongo imejipenyeza katikati kwenda kugusa bahari. Dereva akasema hayo ni mambo ya mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885: Leopold wa Ubelgiji anataka mlango wa bahari, Mreno hataki kuiachia Cabinda, wakagawana pale mdomoni mwa mto. Kongo ikabaki na pwani ya kama kilomita 40. Nchi inayoimeza Rwanda karibu mara 90, halafu pwani yake motari na pikipiki yake anaimaliza kabla jua halijawa kali! Hiyo komisiyoneri gani aliyeisimamia? Mimi ningepigwa.

"Na Kongo," mtoto akasema.

"Kongo tumeshaitaja, ndiyo tunayoihesabia."

"Kongo nyingine, baba mdogo."

Hebu fikiria. Kongo imepakana na Kongo. Mto huohuo, jina lilelile, Kinshasa huku, Brazzaville kule, zinatazamana ng'ambo kwa ng'ambo. Mimi nikikuuzia kiwanja nikakwambia jirani yako ni wewe mwenyewe utanipeleka polisi. Nikakataa kuilipia hiyo fanta. Hajati akaiandika.

Ikafuata Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambayo nilidhani ni maelekezo, siyo jina la nchi. Ikafuata Sudan Kusini. Hapo nilisimama kabisa. Mimi nimesoma kwa ramani iliyoandikwa Zaire, jina ambalo wenyewe waliliacha 1997, na juu yake pana Sudan moja, nzima, ya kijani. Sudan Kusini imezaliwa 2011. Mimi shule nilishaimaliza, au yenyewe ilishanimaliza. Nani alipaswa kunitumia ujumbe? Hajati akaandika.

Halafu mtoto akasema Tanzania, na dereva akacheka.

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Kati ya Tanzania na Kongo hakuna hata hatua moja ya udongo. Ni Ziwa Tanganyika tupu, Kigoma huku, Kalemie kule. Mpaka gani huo, unauvuka na nini, kasia? Dereva akaweka kikombe chini. "Usiniambie maji si mpaka. Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Nyasa. Mwingereza na Mjerumani waliandikiana mwaka 1890, Malawi wakayashika maandishi hayo, wanasema mpaka uko ufukweni kwetu. Sisi tunasema uko katikati ya ziwa. Kwa hesabu yao nikinawa miguu nimeshatoka nje ya nchi bila pasipoti."

Nikamwambia pole, lakini mpaka wa kweli ni Rusumo. Ule naujua. Pana daraja, pana maporomoko ya Kagera chini yake, na kituo cha pamoja walikizindua Kagame na Magufuli mwaka 2016. Pale mtu unajua umevuka. Huku tunaendesha kulia, kule kushoto. Mwaka 2017 nilikuwa nakwenda harusini Ngara, nimevaa suti ya kuazima, nikatazama upande ambao magari hayaji. Baiskeli ya ndizi ikanipitia ubavuni. Suti ikabaki na utomvu, mwenye suti mpaka leo hanisalimii.

Na saa! Kadi ilisema saa nane mchana. Nikaingia saa nane kasoro dakika kumi, natembea kwa maringo, nimewahi. Kumbe ukivuka Rusumo saa inaruka moja mbele. Kwao ilikuwa tisa kasoro dakika kumi. Harusi zote nilizowahi kwenda Afrika Mashariki zilichelewa, hii moja ikaanza kwa wakati. Ndoa imefungwa, dua imesomwa, watu wanajichokoa meno. Wakanikwangulia ukoko wa pilau, wakanitilia kwenye rambo, nikasema si haba.

Narudi jioni, nafika upande wetu. Rambo haliingii Rwanda, tumelipiga marufuku tangu 2008, na kule wenzetu walikuwa bado, wao wamefuata 2019. Afisa alikuwa mpole kupita kiasi. Akanikunjulia rambo langu kwa vidole viwili, akasema mzee, chakula ni chako, mfuko ni wetu. Nyuma yangu kuna foleni, mbele yangu kuna ukoko. Nikavua kofia. Nimepanda basi la Kigali nimeipakata kofia ya pilau mapajani, abiria wa jirani ananusa anatazama dirishani, ananusa anatazama dirishani, mpaka Kayonza.

"Ndiyo maana nasema," nikamwambia dereva, "mpaka ni mahali saa inapobadilika. Ziwani kunabadilika nini?"

"Saa," akasema. "Kalemie wako saa moja na nyinyi. Kigoma wako saa moja na sisi. Inabadilika humohumo majini."

Hajati akaandika bila hata kuniangalia.

Tano nilizosahau, mbili za Kenya: fanta saba. Dereva ana roho nzuri, nikiri hilo. Akasema anisamehe zote kama nitataja majirani wa Tanzania bila kukosea, la sivyo adhabu ni ileile. Na hapo, nakuapia, nilipaa. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi. Kongo, kwa maji. Zambia, Malawi, Msumbiji. Nane! Mtoto akatazama simu, akasema zote ni sahihi. Watu wakapiga makofi. Mama wa mkaa aliyekuwa anapita naye akapiga. Dereva akaingiza mkono mfukoni kutoa hela.

Ningenyamaza pale. Lakini makofi yalikuwa bado hayajaisha, na mimi nimetoka kufundishwa kwamba maji nayo ni mpaka. Nikaongeza Komoro. Nikaongeza na Shelisheli.

Dereva akautoa mkono mfukoni mtupu. Kwamba tunahesabu nchi kavu na maziwa, bahari haimo. Nikauliza kwa nini maji ya ziwa yahesabiwe na ya bahari yasihesabiwe, yana dhambi gani, chumvi? Nikauliza mara nyingi, kwa sauti zote nilizonazo. Hajati akalamba kidole, akafungua ukurasa mpya, akaniuliza kama si nafuu nichukue kaziye nzima, maana chupa mojamoja zinammalizia wino.