Uchaguzi Mkuu wa Kompyuta za Ofisini

Ukiandika amri ya net view kwenye Windows ya zamani, orodha ya kompyuta zinazogawana mafaili haitoki kwa kompyuta zenyewe. Hutoka kwa kiongozi waliyemchagua. Ndiyo, mashine nazo zina uchaguzi. Mwenye Samba, programu ya kugawana mafaili na Windows, akiandika os level = 255 kwenye faili la mipangilio, kwa kawaida ushindi ni wake kabla wenzake hawajafungua kinywa (wanasiasa wetu hugharamika zaidi). Daftari la kiongozi nalo lina marehemu: kompyuta iliyozimwa ghafla huweza kubaki humo dakika 36, mpaka ikose kujitangaza mara tatu.

Mtasema hayo yamepitwa na wakati, kwamba baada ya shambulio la WannaCry la Mei 2017 Microsoft iliacha kuweka SMB1, itifaki ambayo uchaguzi huo huitegemea, kwenye Windows mpya. Kweli, na sasa net view hujibu kosa namba 6118, kana kwamba ofisi nzima imehama, ilhali ukiandika jina la kompyuta kwa mkono mafaili yanafunguka bila kinyongo. Basi heri amri ya nmap -p 445 --open, inayobisha hodi kila anwani. Wapo watakaosema huo ni udukuzi. Lakini kwenye mtandao unaousimamia, kubisha hodi ni adabu kuliko kumuulizia mtu kwa mjumbe aliyejipachika cheo. Asiyejibu huenda amewasha ukuta-moto. Anayejibu, folda ya mishahara ikiwa wazi kwa wote, usishangae akiwa mhasibu.