Sifa za Njia ya Vigari

Nyasi za viwanja vya gofu vya Marekani zimesifiwa vya kutosha. Zina wapiga picha wake, zina wataalamu wake wenye shahada, zina mashabiki wanaozipapasa kwa viganja. Leo naomba nafasi niisifu njia ya vigari: ule mkanda wa saruji, upana wake mita 2.4 hivi na unene sentimita 10, unaojipenyeza kutoka shimo la 1 hadi la 18 kama mgeni asiyealikwa harusini.

Mbunifu wa uwanja huificha nyuma ya vilima vya kuchonga. Mtengeneza kalenda huikata ibaki nje ya picha. Mchezaji akitoa zaidi ya dola 600 acheze Pebble Beach, California, atakuambia amefuata bahari na majabali, hatataja saruji. Ilhali pale pale Pebble Beach kigari hakiruhusiwi kuiacha hiyo saruji, hata siku ya jua kavu.

Wenye dharau na wasikilize. Kigari cha umeme pamoja na betri zake, wachezaji wawili walioshiba na mabegi yao, huweza kupita nusu tani. Udongo mzima una vinyweleo vya hewa na maji. Gurudumu huvikamua, mzizi ukakosa pumzi na mvua ikatuama juu. Wala haichukui mwaka. Udongo ukiwa umelowa, sehemu kubwa ya madhara hutokea katika mapito machache ya mwanzo. Ukoka wa majimbo ya kusini ni mvumilivu, tena una damu ya huku kwetu: ule uitwao Tifway, uliozalishwa Tifton, Georgia, ni chotara wa ukoka wa kawaida na nduguye wa Afrika Kusini. Kiangazi hutambaa na kujiziba majeraha. Baridi ikiingia hulala, ukageuka hudhurungi, na kovu la gurudumu hubaki hapo likisubiri joto lirudi. Saruji hailali. Haina kiu, haina fangasi, haihitaji mbolea wala mashine ya kuitoboa ipate hewa. Nionyesheni nyasi yenye tabia hiyo.

Lakini fadhila yake kubwa ni kwa afya ya binadamu. Gofu ulikuwa mchezo wa kutembea. Wamarekani wakautia magurudumu. (Kenya wengi bado huenda kwa miguu, kedi akibeba begi.) Usiku mvua ikinyesha, asubuhi huwekwa bango: vigari visitoke njiani. Basi bwana aliyelipia kigari ili asitembee anakiegesha pembeni. Njia mara nyingi hupita upande wa kulia, kwa sababu wengi wanaotumia mkono wa kulia, mpira ukiwaponyoka, hukunja kulia. Wa kwake, leo, umekwenda kushoto. Anavuka uwanja mzima na fimbo moja mkononi, anaufikia mpira, anaona fimbo siyo, anarudi. Kufika shimo la 18 amemshinda kwa hatua yule aliyetoka nyumbani akiwa ameamua kutembea. Daktari wake ameshindwa kumpa zoezi hilo kwa miaka.

Njia hii ni karimu pia. Mpira ukitua juu yake, au mguu wako tu ukiikanyaga unapojipanga kupiga, sheria inakuruhusu kuuokota na kuudondosha kando bila adhabu. Mti hautakufanyia hisani hiyo.

Na ukiamua kuuacha uende zake, mpira huweza kufika mbali. Mwaka 1992, katika mashindano ya Texas Open pale Oak Hills, San Antonio, Carl Cooper alipiga mkwaju wa kwanza kwenye shimo la 3, lenye urefu wa yadi 456. Mpira ukaangukia njia ya vigari mahali inaposhuka mteremko, ukadunda, ukabingirika, ukaendelea. Uliposimama ulikuwa umekwenda yadi 787. Hakuna misuli ya binadamu iliyofanya hivyo, ni saruji. Cooper ilimbidi apige kurudi alikotoka, na shimo la mikwaju minne akalimaliza kwa sita. Kosa la njia liko wapi hapo?

Wabaya wake wana hoja moja tu, nami siikatai. Mahali saruji inapokoma ndipo vigari vyote hushukia kwenye majani, na hapo hubaki kipara cha udongo mtupu. Msimamizi huweka vigingi na kamba, akavihamisha kila siku chache ili mzigo usambae. Wachezaji huzungukia kamba, kipara kikahamia hatua tatu mbele. Mwishowe kamati ya uwanja hukaa na kutafuta dawa ya madhara ya mwisho wa njia, na dawa inayopitishwa ni kuongeza njia. Msimu unaofuata kipara kiko mwisho wa kile kipande kipya, na fundi wa saruji ameshapigiwa simu.