Macho ya Bwana Harusi

Nampongeza bwana harusi mmoja wa hapa Kakamega. Aliikodolea almasi ya pete macho kwa lenzi inayokuza mara 10, akaona kidoa kama unyoya, akagoma. Ngazi za ung'avu ni 11, naye alitaka ile ya kileleni, ambapo hata fundi haoni kitu. Ndiyo busara hiyo: ongeza pesa, upate usichokiona.

Dhahabu ya pete haikuhitaji lenzi. Ilitoka Ikolomani, ikaoshwa karaini na mama aliyekanda zebaki kwa vidole vitupu. Na mashimo ya wachimbaji je? Hayo, yaliyo hapa kwetu tangu mgodi wa Rosterman ufungwe 1952, ni makubwa mno kwa kioo kidogo hivyo.

Ng'ombe wawili wa mahari bado anadaiwa. Hao, wakwe zake watawahesabu kwa macho tu.